Mchai Hupogolewa Upate Kuzaa: Maghorofa Marefu na Uso wa Miji Yetu ya Bahari

Lipo swali moja ambalo likitiwa barazani, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, hapana kahawa itakayotosha kulimaliza. Swali lenyewe ni hili: majumba marefu, ya ghorofa kumi, kumi na tano na zaidi, yakisimama ukingoni mwa bahari katika mji wa kale, huuletea mji huo faida au huutia hasara? Wako wasemao kwamba mji usiopanda juu ni mji uliolala. Wako wasemao kwamba mji wa kale ukizingirwa na maghorofa umekwisha kufa, kilichobaki ni jina. Makundi yote mawili yana watu wenye akili na wenye kuupenda mji wao, kwa hiyo si haki kulijibu swali hili kwa kejeli.

Ninaliandika jawabu langu mbali na bahari. Mimi ni mtu wa pwani ambaye riziki imemleta bara, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Msomaji ana haki ya kuuliza: aliyekaa mashambani huko ana nini cha kutwambia juu ya Forodhani na Mji wa Kale? Nasema analo, tena kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba chai na pwani ni ndugu wa siku nyingi. Mnada wa chai uliofunguliwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya pamoja na ya nchi jirani hupigiwa bei pale kila wiki. Jani lichumwalo asubuhi Kericho huishia katika maghala ya kisiwani, kisha melini. Basi mtu wa huku na mtu wa kule wanakula sinia moja, ijapokuwa hawajuani.

Sababu ya pili ni mchai wenyewe. Mti huu una somo juu ya urefu, na sijaona pahali pengine somo hilo lilipofundishwa waziwazi kama huku.

SOMO LA MCHAI

Wengi wetu wa pwani tukipita barabara ya Kericho tunaona zulia la kijani lililotandikwa juu ya vilima, tukadhani mchai ni kichaka kifupi kwa maumbile yake. Sivyo. Mchai ni mti. Ukiachwa ukue upendavyo utapanda mita kumi na zaidi, utakuwa na shina la kukumbatia, na majani yake yatakuwa juu kabisa ambako mkono wa mchumaji haufiki. Utakuwa mti mzuri wa kutazamwa, na mwenye shamba atakufa njaa chini yake.

Kwa hiyo watu wa chai waliamua. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache, na katikati ya kupogolewa huzuiwa usipite kiunoni mwa mtu. Mchumaji hulaza fito juu ya vichaka ili aone usawa. Kinachopita juu ya fito ndicho kichumwacho, majani mawili na chipukizi lake. Usawa ule haukuja wenyewe. Hulindwa kila siku, na mikono mingi, kwa kipimo kimoja ambacho kila mtu anakiona.

Wala watu wa huku hawachukii miti mirefu. Kericho imejaa mikaratusi inayogusa mawingu, kwa sababu viwanda vya chai huhitaji kuni nyingi za kukaushia majani. Lakini mikaratusi hupandwa mahali pake, katika viunga vyake peke yake. Hapana mkulima mwenye akili timamu apandaye mkaratusi katikati ya michai yake kisha akasema kwamba shamba limeendelea. Mkaratusi ungekunywa maji ya michai, ungeinyima jua, na mwisho mwenye shamba angepata kuni na kukosa chai.

Hapa ndipo ninapopata kauli yangu, nami naiweka mbele mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Urefu si maendeleo wala si maovu. Urefu ni kitu cha kuwekwa mahali pake. Na ukingo wa bahari wa mji wa kale sio mahali pake, kwa kuwa pale jengo refu huwanyang'anya wengi kitu kilichokuwa chao wote, likawapa wachache walio juu.

HOJA ZA WAPENDAO MAREFU

Tuanze na haki ya upande wa pili. Wapendao majumba marefu wana hoja tatu ambazo si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya historia. Wanasema: babu zetu nao walijenga marefu! Nao wanasema kweli. Mwaka 1883 Seyyid Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mbele kabisa ya bahari ya Unguja, jumba lililoyapita yote mjini kwa kimo, lenye nguzo za chuma na vibaraza vya kuzunguka, nalo likawa miongoni mwa majumba ya kwanza ya Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme. Watu walilishangaa, ndiyo sababu wakaliita Jumba la Maajabu. Leo ndilo fahari ya Mji Mkongwe. Basi, wanauliza, kwa nini lililokuwa halali kwa Barghash liwe haramu kwa tajiri wa leo?

Hoja ya pili ni ya makazi. Kisiwa cha Mombasa hakikui, watu wanakua. Nyumba ya marehemu babu, yenye vyumba sita, leo ina warithi thelathini. Kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa mirathi, na hapana hata mmoja awezaye kuikarabati peke yake. Mnunuzi akija na fedha taslimu na mchoro wa ghorofa kumi na mbili, nani atakayewalaumu warithi wakikubali?

Hoja ya tatu ni ya riziki. Tangu biashara ya majahazi ipungue na meli kubwa zihamie Kilindini, ukingo wa Mji wa Kale umekuwa maskini. Hoteli na afisi zingeleta ajira. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa.

Nimezitazama hoja hizi tatu kwa makini, na jawabu la kila moja naliona ndani yake mwenyewe.

Beit al-Ajaib lilikuwa moja. Lilikuwa jumba la sherehe za dola, halikufuatiwa na safu ya majumba ya kimo chake bega kwa bega mpaka Shangani. Mnara mmoja kati ya nyumba za kadiri huupa mji alama; minara ishirini huuondolea alama zote. Tena historia ya jumba hilo ina mafunzo ya pili yenye majonzi. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya ukarabati, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba refu la ukingoni, lenye kupigwa na chumvi na upepo mwaka baada ya mwaka, linataka fedha na uangalizi usiokatika. Serikali nzima ililemewa na jumba moja. Ni nani atakayeyatunza ishirini baada ya miaka mia, wakati waliouza vyumba vyake wamekwisha gawana faida na kwenda zao?

Juu ya makazi nitasema zaidi mbele. Lakini tujiulize kwanza, majumba marefu ya ukingoni hujengwa kwa ajili ya nani? Chumba chenye kutazama bahari ndicho ghali kuliko vyote mjini. Warithi thelathini wa nyumba ya babu hawarudi kuishi ghorofa ya kumi na mbili. Hugawana fedha, wakatafuta vyumba vya kupanga Kisauni au Likoni, na vyumba vya juu vikanunuliwa na watu wajao likizo mara mbili kwa mwaka. Taa zake usiku ni chache. Makazi ya watu wa mji hayakuongezeka, yamehama.

KINACHOPOTEA

Sasa tutazame ni kitu gani hasa mji unachopoteza, maana kusema tu kwamba "sura ya mji huharibika" ni maneno ya wachoraji, na mtu mwenye njaa hali sura.

Kwanza ni upepo. Mafundi wa kale walijenga miji yetu kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu, na nyumba zikakomea ghorofa mbili au tatu. Vichochoro vikawa vyembamba ili jua lisifike chini, navyo vikawa njia ya hewa ya baharini kuingia mpaka ndani ya mitaa. Huo ndio ubaridi wa bure ambao maskini na tajiri waliushiriki. Ukisimamisha ukuta wa ghorofa kumi mbele ya bahari, hewa humwishia aliye mbele, na walio nyuma hubaki na joto na bili ya feni.

Pili ni sitara. Nyumba ya Kiswahili huelekea ndani: ina daka na baraza kwa wageni, na ina ua na dari kwa wa ndani. Mama huanika nguo, mabinti husukana nywele darini, na hapana jicho la ajinabi. Jirani mwenye ghorofa tatu akijenga, humwangalia mwenziwe asimchungulie. Hili lilikuwa ni adabu ya ujirani kabla halijakuwa jambo la baraza la mji. Jengo la ghorofa kumi na mbili halina jirani wa kumwangalia. Madirisha yake mia yanatazama nyua zote za mtaa, na wenye nyua hawana la kufanya ila kufunga mapazia na kuacha dari zao. Nusu ya nyumba imepotea bila ya jiwe moja kuondolewa.

Tatu ni maji. Huku Kericho mtu akikosa maji siku mbili hushangaa. Mombasa hutegemea maji ya mbali, ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na kila mkazi anajua jinsi mifereji inavyokauka. Mahali palipokuwa na familia tatu pakiwekwa familia sitini, maji ni yale yale na mabomba ya maji machafu ni yale yale. Kinachozidi hutafuta njia ya baharini, pale pale watoto wanapoogelea na wavuvi wanapoegesha.

Nne ni njia ya kufika baharini. Mji wa bahari ambao mtoto wake hafiki baharini ni mji wa bahari kwa jina tu. Jengo kubwa huja na ukuta, ukuta huja na lango, lango huja na askari.

Wasomaji wa Kiislamu wanaikumbuka ile Hadithi mashuhuri ya Jibril, ambamo kushindana katika kurefusha majengo kumetajwa miongoni mwa alama. Hukumu zake ni za wanavyuoni, nami si mmoja wao. Natazama lile neno la kushindana tu. Misikiti yetu ina minara, na mnara wa Mandhry pale Mombasa umesimama kwa karne nyingi bila ya kumkera mtu. Mnara ule ulijengwa uite watu. Jengo linaloshindana na jirani yake halimwiti mtu.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni khofu za mzee wa pwani aliyekaa bara muda mrefu. Basi tutazame yaliyokwisha tokea.

Unguja, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Miaka kumi baadaye ukazuka mjadala mkubwa juu ya Mambo Msiige, jumba la kale la Shangani lililo ukingoni kabisa. Jumba likageuzwa hoteli, na kando yake, katika uwanja uliokuwa wazi, kukajengwa jengo jipya kubwa. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika kwa miaka kadhaa juu ya kimo chake na juu ya uwanja uliomezwa. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015. Ni nzuri, na imetoa ajira, hilo sikatai. Lakini uwanja ule haukurudi, na kila mwenye kutaka kujenga ukingoni sasa anao mfano wa kuutaja. Jina la jumba lenyewe lilikuwa limekwisha tuonya tusiige.

Linganisha na Bustani ya Forodhani, hatua chache tu kutoka hapo. Ilikarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Hakikuongezwa hata kimo cha ghorofa moja. Lakini nenda baada ya magharibi umtazame muuza urojo, muuza mishikaki, mwenye juisi ya miwa, mgeni wa Ulaya na mtoto wa Ng'ambo wakiwa wamekaa ukuta mmoja. Hapo ukingo wa bahari unaleta fedha, na fedha zenyewe zinaingia mifuko mingi.

Dar es Salaam ni kisa cha namna nyingine. Mji ule ulianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaujengea bandarini makanisa mawili, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yaliyokamilika mwaka 1902. Leo nyuma na kando yake yamesimama majumba ya zaidi ya ghorofa thelathini, likiwemo la Mamlaka ya Bandari. Dar es Salaam ni mji mkubwa wa biashara, na maghorofa yale yameupa afisi ulizozihitaji. Lakini ukiingia bandarini kwa boti ya Unguja, makanisa yale ni lazima uyatafute. Tena Dar es Salaam ilionja uchungu wa urefu usiochungwa: tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu 36. Halikuwa ukingoni mwa bahari, lakini linatufunza kwamba kibali bila ya mkaguzi ni karatasi tu.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Liverpool, bandari ya Uingereza ambayo mabaharia wengi wa pwani yetu waliijua. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2004 kwa ajili ya ukingo wake wa maji na maghala yake ya kale. Ukaja mradi wa majumba marefu kwenye gati hizo. Mwaka 2012 mji ukatiwa katika orodha ya walio hatarini, na Julai 2021 ukafutwa kabisa. Liverpool haikufa; watu wangali wakienda. Lakini Liverpool ina mpira, ina muziki, ina viwanda na vyuo vikuu. Lamu ina nini kingine? Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, inaishi kwa ile sura yake. Ikifutwa Lamu, hapana timu ya mpira itakayoiokoa.

Na tusidhani kwamba marefu hayatufikii. Mwaka 2018 watu wa Watamu waliletewa mpango wa jengo la ghorofa 61, karibu na Hori ya Mida na magofu ya Gedi. Wenyeji na wapenda mazingira walisimama wakapinga, na hadi leo jengo hilo halikujengwa. Mwaka 2024 Gedi ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Fikiri, ndugu msomaji, heshima ile ingekuwaje kama mnara wa ghorofa 61 ungekuwa umekwisha kuota jirani yake.

Ama atakayesema kwamba kukaa chini ni umaskini, na aulize jamaa zake walioko Muskati. Oman ina mafuta na fedha za kujenga itakavyo, lakini sheria za mji zimeweka mipaka ya kimo na rangi, na pale Matrah nyumba nyeupe za ukingoni zingali zimepangana kama zilivyoachwa na wazee. Hata Dubai, mfalme wa majumba marefu, ilipojenga Burj Khalifa yenye mita 828 na kuifungua mwaka 2010, haikuijenga juu ya ukingo wa hori yake ya kale.

BONASI YA NANI?

Sasa nirudi kwa wenyeji wangu wa huku, maana wana kipimo kimoja cha faida ambacho natamani tukiazime.

Mkulima mdogo wa Bomet, auzaye majani yake katika kiwanda cha Kapkoros au Mogogosiek, ana hisa katika kiwanda hicho. Kila mwezi hulipwa kitu kwa kila kilo, na mwisho wa mwaka hungojea bonasi. Ukimwambia kwamba chai imepanda bei Mombasa, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza: bonasi yangu ni shilingi ngapi? Hadanganyiki kwa idadi ya makontena. Huku watu wamezungukwa na utajiri wa makampuni makubwa tangu miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wazee wa Kipsigis walihamishwa, nao wanajua kwa tajriba kwamba utajiri unaweza kukaa mahali mia moja bila ya kumgusa mwenyeji.

Nasi watu wa bahari tuulize hivyo hivyo. Mjenzi akija na picha ya jengo refu linalong'aa, na makaratasi yanayosema mabilioni, tusimwulize lina ghorofa ngapi. Tumwulize: bonasi ya mtaa ni ipi? Upepo wa nyumba za nyuma utapita wapi? Maji yatatoka wapi, na machafu yatakwenda wapi? Mtoto wa mtaa atafika baharini kwa njia gani? Mvuvi ataegesha wapi? Na miaka hamsini ijayo nani atapaka chokaa? Jengo lenye majawabu mema kwa maswali haya na liruhusiwe. Aghalabu litakuwa jengo la kadiri.

NINI KIFANYWE

Kukataa peke yake hakujengi mji. Mtu akikataa ghorofa bila ya kuwa na mpango mwingine, nyumba za kale zitaanguka zenyewe, na mwenye ghorofa atakuja kuchukua kiwanja kitupu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo nataja mambo matatu, nayo yote yana mfano huku kwenye chai.

La kwanza ni fito. Kila mji wa kale uwe na kimo kimoja cha ukingoni kilichoandikwa na kutangazwa, kinachojulikana na fundi, hakimu, diwani na muuza kahawa. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni maeneo ya hifadhi kisheria, na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mkono wa kulaza fito kila siku, wala si baada ya ghorofa ya nane kumwagwa zege. Mchai ukikosa kuchumwa kwa msimu mmoja huchukua muda kurudi katika usawa wake. Jengo likipita usawa halirudi.

La pili ni mkanda wa kinga. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mashamba ya chai ya Nyayo, vipande vyembamba vya chai vilivyopandwa pembezoni mwa misitu, ili msitu usimezwe na mashamba ya watu. Chai ikawa ukuta ulio hai: upande mmoja msitu, upande mwingine makazi. Mji wa kale nao unahitaji mkanda. Majumba ya ukingoni na ya mitaa ya kale yabaki ghorofa mbili au tatu; nyuma yake yaruhusiwe manne na matano; na mbali zaidi, barabara kuu zilipo na mifereji mikubwa ipitapo, yapande yatakavyo. Unguja ilipojenga majumba marefu ya Michenzani, ilijenga Ng'ambo, ikauacha uso wa mji kama ulivyo. Mombasa nayo, ilipohitaji winchi na maghala, ilikwenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Chai ya Kericho haikuwahi kuhitaji Mji wa Kale ubomolewe ili ipate kupita.

La tatu ndilo gumu, nalo ni fedha za warithi. Huwezi kumwambia mtu asiuze nyumba ya babu yake kisha ukamwacha na paa linalovuja. Aliyekatazwa kupanda juu kwa manufaa ya mji mzima anastahili mji mzima umsaidie. Apunguziwe kodi ya kiwanja. Apate chokaa na boriti kwa bei nafuu, na mafundi wanaojua kazi ya kale. Warithi wapate njia ya kuikodisha nyumba pamoja wakagawana kodi badala ya kugawana mawe. Tena sisi Waislamu tunayo njia tuliyoachiwa na wazee, nayo ni wakfu. Nyumba nyingi za miji yetu zimesimama mpaka leo kwa kuwa mwenyewe aliziwekea wakfu, zisiuzwe wala zisirithiwe, mapato yake yaende msikitini, madrasani au kwa jamaa. Wakfu zikisimamiwa kwa uaminifu, na hesabu zake zikasomwa hadharani, hapana mfuko wa hifadhi utakaozishinda. Zikisimamiwa vibaya, ndizo zitakazokuwa za kwanza kuuzwa.

Najua kwamba mambo haya hayatapendeza kila mtu. Yuko mwenye kiwanja Kizingo au Shangani atakayesoma akasema: huyu anataka kunifungia riziki yangu. Namwambia ndugu huyo kwamba thamani ya kiwanja chake haikutoka mbinguni wala hakuiumba yeye. Imetoka kwa mji ulio nyuma yake: kwa milango ya nakshi ya jirani, kwa adhana inayosikika vichochoroni, kwa baraza za wazee, kwa bahari inayoonekana. Mgeni hulipa fedha nyingi kulala pale kwa ajili ya vitu hivyo. Jengo linaloviua huula mtaji wake lenyewe, kama mkulima aliyeuza michai yake kuwa kuni.

Mabaraza ya kaunti zetu na ya Unguja yataletewa michoro mingine mwaka huu na mwaka ujao. Michoro hiyo husomwa na watu wachache chumbani, na mtaa hupata habari tingatinga likiwa limekwisha fika. Wazee wa mitaa, maimamu, wavuvi, akina mama wa mtaa na vijana wenye elimu ya ujenzi na waombe kuiona mapema, katika lugha waifahamuyo, na wahudhurie vikao ambavyo sheria yenyewe imewapa. Huku kwenye chai, kichaka kikipita fito hukatwa siku ile ile, asubuhi, kabla ya mvua. Nasi tujifunze kusema siku ile ile.